Picha Ishirini na Nne za Bwana Lifti

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Kidevu Juu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane alipiga picha za vitambulisho na pasipoti katika chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la madaftari, na kila aliyekalia stuli yake ya kuzunguka, awe mwanafunzi, awe daktari, awe bibi wa miaka themanini, alisikia maneno yaleyale: "Kidevu juu. Kidogo tu. Hapohapo, usipumue." Watoto wakikutana naye sokoni waliinua videvu na kuzuia pumzi mpaka mashavu yakavimba. Naye aliwarudishia salamu hiyohiyo, kidevu juu, uso mkavu, kisha akaendelea kuchagua nyanya.

Chumba chake kilikuwa na ukuta mmoja mweupe na mwingine wa bluu, taa mbili zenye miavuli, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba kwa sababu vitana vitatu vya kwanza viliondoka na wateja. Karibu na dirisha ilikaa kompyuta, na hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Kubonyeza kamera, alisema, hata mbuzi akifundishwa ataweza. Kazi ni kusafisha. Alifuta jasho la kwenye paji la uso, uzi uliochomoza kwenye kola, na chunusi iliyotokea asubuhi ileile. Makovu na alama za kuzaliwa hakuzigusa. "Chunusi ni mgeni, ataondoka," aliwaambia wateja waliombembeleza. "Kovu ni lako, utakwenda nalo."

Lakini adui yake mkubwa alikuwa miwani. Mtu mwenye miwani akikaa mbele ya kamera, vioo vyake hubeba kila kilicho mbele yake: taa, dirisha, hata mpiga picha mwenyewe, mdogo kama punje ya mchele. Ofisi ya uhamiaji ilirudisha picha zenye mng'ao wa namna hiyo, kwa hiyo Kidevu Juu aliufuta wote, nukta kwa nukta, mpaka yakabaki macho matupu ya mwenye picha. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na aliifanya kwa kiburi. Katika miaka kumi na minane hakuna picha yake hata moja iliyorudishwa, na asiyelijua hilo alikuwa hajakaa naye dakika tano.

Na ni miwani hiyohiyo iliyomletea mume.

Ng'ambo ya barabara palikuwa pakijengwa jengo la ghorofa tisa, na kampuni moja ikamleta kutoka nje fundi wa kufunga lifti kwa mkataba wa miaka miwili. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye miwani mipana kama visosi. Siku moja alipanda ngazi za studio kutafuta picha ya kibali chake cha kazi. Kidevu Juu alimpiga mara tisa, na mara zote tisa taa zilijaa kwenye vioo.

"Vua miwani," akamwambia.

"Nikivua, sikuoni."

"Hukuja kuniona. Umekuja kupigwa picha."

"Basi nimekosea duka," akasema yule mgeni, akavua miwani kwa utiifu, akabaki anatabasamu upande ambao hapakuwa na mtu.

Kesho yake alirudi kulalamika kwamba picha imekuwa nzuri mno, walinzi wa langoni wamekataa kuwa ni yeye. Keshokutwa alirudi tena, akakaa kwenye stuli, akakiri kwamba leo hana sababu yoyote. Kidevu Juu alikuwa na miaka arobaini na moja wakati huo, na alishawatangazia ndugu zake wote kwamba habari za kuolewa amezifungia kabatini na ufunguo ameutupa. Wiki ile aliutafuta ufunguo.

Mtaa ukamwita Bwana Lifti. Kiswahili alifunzwa na wajenzi, kwa hiyo alikisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ghorofa ya saba. Siku ya kwanza alipopelekwa kujulishwa kwa mama mkwe, mama alimwuliza kama ameshiba, naye akajibu, "Imejaa, funga mlango!" Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia neno baya juu ya mkwe wake.

Walifunga ndoa Jumanne asubuhi kwa msajili, watu wanane tu chumbani. Kamera alikabidhiwa shangazi, dada wa marehemu baba yake Kidevu Juu, mwanamke asiyekataa kazi yoyote, hata asiyoijua. Aliishika kama anayeshika kuku anayetaka kuruka. Picha ya kwanza ilikuwa dari. Ya pili ilikuwa viatu vya msajili. Bibi harusi alivumilia mpaka ya tatu.

"Shangazi, lete hapa, unatukata vichwa!"

Akanyakua kamera akiwa na gauni lake jeupe, na kutoka hapo mpaka mwisho alipiga yeye. Bwana Lifti akitia saini, alimpiga. Bwana Lifti akimvisha pete, alinyoosha mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Msajili alisema hajapata kuona jambo kama hilo, lakini pia hajaona kifungu cha sheria kinachokataza.

Miezi minne baadaye mkataba wa lifti ukaisha, na kibali cha kazi kikaisha nacho. Sheria haikuruhusu kibali cha namna hiyo kigeuzwe mtu akiwa bado ndani ya nchi. Ilibidi mwenyewe arudi kwao kwanza, kisha aombewe upya. Bwana Lifti akaondoka na sanduku moja, vingine akaviacha chini ya kitanda, kwa sababu wote wawili walidhani ni suala la wiki chache.

Kidevu Juu akaenda uhamiaji, Dirisha la Nne. Aliyekaa hapo alikuwa afisa mwenye masharubu mazito, mteja wake wa siku nyingi. Hata picha ya kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake ilipigwa kwenye ile stuli ya kuzunguka.

"Karibu, dada," afisa akasema kabla hajaulizwa kitu. "Humu ndani sikufahamu. Nje nakufahamu."

"Sawa. Na mimi sikufahamu. Namtaka mume wangu."

Afisa akaweka fomu mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa karatasi moja tu. Nyingine ilikuwa nene kama daftari.

"Njia ni mbili. Hii ni ruhusa ya matembezi. Wiki mbili unajibiwa, maswali machache. Anakaa miezi mitatu, haruhusiwi kufanya kazi, ikiisha anaondoka. Akitaka tena, aombe mwakani. Hii nyingine ni kibali cha mwenza. Hiki kinakula miezi mitano, sita. Tunataka cheti, tunataka ushahidi wa maisha ya ndoa, tunakuita, tunakuhoji. Ukikipata, anakaa, anafanya kazi, anakuwa mtu wa hapa."

"Na nikikikosa?"

"Faili linafungwa mwaka mzima, na matembezi nayo yanafungwa mwaka huohuo. Huwezi kushika zote mbili, dada. Chagua moja."

Jumamosi mchana baraza la familia likakaa studio. Mama alichukua stuli ya kuzunguka, shangazi akachukua kiti cha kompyuta, na Bwana Lifti alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye stepla, uso wake umejaa kioo kizima. Shangazi alikuwa upande wa matembezi, na hakuwa na simile.

"Mlete mtoto wa watu kwanza! Miezi mitatu ni miezi mitatu. Akishaingia nani atamtoa? Atajificha kwangu, nina chumba."

"Mtu ana urefu wa mlango, utamficha wapi?" mama akauliza, akijizungusha taratibu. "Halafu mimi sitaki mkwe wa kufichwa. Nataka nimtume dukani mchana kweupe."

"Wewe wifi huna haraka kwa sababu mume si wako."

"Wangu alikuwa kaka yako, na alinichelewesha miaka mitatu akisema anajipanga. Nilimngoja. Alipokuja, alikuja kukaa."

Shangazi akageukia kompyuta, kwa sababu kaka yake alikuwa hivyo kweli. Akajifanya anasoma herufi zake.

"Miezi mitatu bila kushika spana," Bwana Lifti akasema kwa ile sauti yake ya ghorofa ya saba, "nitafungua friji ya mama mkwe nione ndani kuna nini."

"Friji yangu usiguse!" mama akasema.

"Ndiyo maana nasema. Lakini mke wangu, chagua wewe. Wewe ndiye unasimama dirishani."

Na kazi ilikuwepo. Meneja wa jengo la ng'ambo alishasema kwamba tangu fundi aondoke ile lifti inasimama pale inapotaka yenyewe, na nafasi inamngoja siku atakayokuwa na karatasi mkononi. Kidevu Juu alizisikiliza hoja zote, akawatoa wote nje, kwa sababu mteja alikuwa ameingia, akamwambia mteja ainue kidevu.

Jumatatu alipofika Dirisha la Nne alishakata shauri kuchukua ile nyepesi. Alimtamani mume wake na hakuona aibu kujiambia hivyo. Miezi mitatu ingekuwa miezi mitatu, kama shangazi alivyosema. Akaijaza ile karatasi mpaka nusu, palepale kwenye kaunta, mwandiko wake mzuri wa mviringo. Kisha akafika kwenye swali la sababu ya safari, na mbele yake pakawa na vijisanduku vitatu: matembezi, biashara, matibabu.

Kalamu ikakataa. Alimwona mume wake amekaa sebuleni na mikono mapajani, sanduku halijafunguliwa, anaangalia kalenda. Akaona viatu vyake vya kazi vilivyoko chini ya kitanda, na yeye mwenyewe akivifuta vumbi kila Jumapili, kama alivyokuwa akifanya sasa.

"Haji kutembea," akasema, na hakujua kwamba amesema kwa sauti mpaka foleni nzima ilipogeuka. "Anakuja kwake."

Akairudisha karatasi kwa afisa. "Nipe ile nene."

Faili alilitengeneza kama alivyotengeneza kila kitu. Ndani alitia cheti cha ndoa, barua ya mwenye nyumba, barua ya meneja, na picha ishirini na nne za maisha ya ndoa, kama fomu ilivyotaka. Hizo alizichagua kwa siku tatu kutoka katika mamia aliyokuwa nayo. Bwana Lifti akikaanga mayai, aproni imemkaba. Bwana Lifti akimshikia mama mkwe uzi wa kufuma. Bwana Lifti akila tikiti maji kwenye ngazi za studio, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, anacheka. Kisha akazisafisha upya moja moja, vioo vya miwani kwa usafi wa pekee, maana faili lilikuwa linakwenda uhamiaji na yeye alikuwa na jina la kulinda.

Mwezi wa pili wa kungoja ulipoanza, akaitwa. Afisa alikuwa amezipanga picha zote kwenye kaunta, safu nne, kama mtu anayeuza.

"Dada, picha nzuri sana."

"Asante."

"Huyu ni mume."

"Ndiye."

"Hapa mume na mama yako. Hapa mume na shangazi yako. Hapa mume na tikiti maji. Hapa siku ya harusi, mume amesimama na shada la maua peke yake, anacheka." Akasogeza ya mwisho kwa kidole. "Na hapa anauvisha mkono pete. Mkono wa nani?"

"Wangu!"

"Mkono hauna jina. Mke yuko wapi?"

Kidevu Juu akainama juu ya kaunta. Akapitisha macho safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuwamo hata kwenye moja. Mpishi anaweza kulisha ukoo mzima ndipo agundue kwamba yeye mwenyewe hajala, na kwake ilikuwa hivyohivyo: hakuwahi kujitafuta kwenye picha, kwa hiyo hakuwahi kujikosa.

"Mimi ndiye niliyepiga," akasema.

"Nje ya jengo hili nakuamini," afisa akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Humu ndani kila wiki naletewa watu waliooana kwenye karatasi tu. Kwa picha hizi, dada, labda nimpe kibali cha kuishi na mama yako. Una siku kumi na nne kuniletea ushahidi kwamba mlikuwa pamoja. Zikipita, sina la kufanya. Linafungwa."

Siku nne za kwanza alizimaliza akizunguka kwa majirani na marafiki kuuliza nani ana picha yao wakiwa wawili. Hakuna aliyekuwa nayo, na kila mmoja alimkumbusha kwa nini. "Nilitaka kuwapiga siku ile," alisema mwenye duka la madaftari, "ukaninyang'anya simu ukasema mwanga unatoka upande mbaya." Jirani yake wa karibu alisema, "Mimi uliniambia nimewakata miguu." Ilionekana kwamba kwa miaka miwili alikuwa amewanyang'anya simu watu wa mtaa mzima, na wote walikuwa wakikumbuka vizuri.

Siku ya tano shangazi aliingia studio akihema, na uso wake uling'aa kwa wazo alilokuja nalo.

"Mwanangu, si una kompyuta? Si kila siku unawaondolea watu chunusi? Jitie humo! Simama pale ukutani, jipige, ujibandike pembeni ya mume wako. Nani atajua?"

"Hakuna," Kidevu Juu akajibu taratibu, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Hakuna ambaye angejua.

Shangazi alipoondoka, aligeuza kibao cha mlangoni, upande wa "Nimetoka kidogo." Akatega kamera ipige yenyewe, akasimama ukutani, akatabasamu. Akajikata, akajibandika kwenye zile ngazi za tikiti maji. Akapatanisha vivuli, akalainisha kingo za mabega. Dakika ishirini hazikufika, na ilikuwa kazi safi kupita zote alizowahi kufanya.

Akaiangalia. Yule mwanamke alikuwa amekaa bega kwa bega na mume wake, na hawakujuana. Bwana Lifti alikuwa anacheka, anatazama mbele, anamtazama mtu mwingine kabisa. Kidevu Juu aliona wivu, kisha akajiona mjinga, kisha machozi yakamtoka. Akaifuta picha ile, akaifuta tena kule zinakokwenda zilizofutwa, akampigia simu mume wake.

Alimweleza yote kwa mkupuo mmoja. Siku tisa zimebaki. Amechagua vibaya. Angemsikiliza shangazi, saa hizi wangekuwa wamekaa pamoja wanabishana juu ya friji. Hayumo, hayumo, picha zote hizo na hayumo.

Mume wake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha Bwana Lifti akauliza, kwa sauti ya chini ambayo wajenzi hawakumfundisha, "Kwa nini unasema kwamba wewe humo? Mimi nakuona kila siku."

"Unaniona wapi?"

"Kwenye picha. Zile ulizokuwa ukinitumia palepale, kabla hujazisafisha. Ndizo ninazo. Hizi za baadaye sizipendi, nilikwambia toka siku ya pili, nzuri mno." Akaongeza, "Angalia kwenye miwani, mke wangu."

Kidevu Juu hakuwahi kutupa picha yoyote kama ilivyotoka kwenye kamera. Zote zilikuwa ndani ya kompyuta, zimepangwa kwa tarehe, na hakuwahi kurudi kuzitazama. Akafungua ile ya ngazi. Akasogea kwenye kioo cha kulia cha miwani, akakuza, akakuza tena. Pale palipokuwa na ule mng'ao alioufuta kwa mazoea alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani, kamera usoni, kiwiko kimetoka nje kama mshikio wa birika. Kwenye kioo cha kushoto alikuwapo tena.

Akafungua ya mayai. Yumo, na nyuma yake mlango wa jiko. Ya uzi: yumo, amepiga goti. Akafungua ya harusi, ile ya shada la maua. Yumo na gauni lake jeupe, kiwiko nje, na nyuma yake wamejipanga mashahidi wote wa ndoa, msajili amefumbata mikono, shangazi ameshika kiuno kwa hasira ya kunyang'anywa kamera. Kwa miaka miwili alikuwa akijifuta mwenyewe, nukta kwa nukta, kwa bidii, huku akijisifu.

Akaangua kicheko mpaka stuli ikazunguka.

"Unacheka au unalia?" Bwana Lifti akauliza.

"Vyote viwili. Kata simu, nina kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kutosafisha."

Alizichapa zote ishirini na nne kama zilivyotoka kwenye kamera, na kando ya kila moja akaweka kipande cha kioo cha miwani kilichokuzwa mpaka ukubwa wa kiganja. Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza Dirisha la Nne. Afisa alivaa miwani yake mwenyewe, akaitazama ya kwanza. Akaitazama ya pili. Akafungua droo, akatoa kioo cha kukuzia, akainama mpaka masharubu yakagusa karatasi. Kisha akamwita mama wa Dirisha la Tatu, na mama wa Dirisha la Tatu akamwita wa la Tano. Foleni ilisimama, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu wale wa mbele walikuwa wameshaanza kuchungulia.

"Huyu wa kitambaa cha njano ndiye wewe?" afisa akauliza.

"Ndiye mimi."

"Uso umefunikwa na kamera. Nitajuaje?"

Kidevu Juu hakuwa na kamera, lakini akainua mikono mitupu usoni kama anayo, akafumba jicho moja. Kiwiko kikachomoka nje na kumpata mtu aliyesimama nyuma yake, katikati ya kifua.

"Ndiye huyohuyo," akasema mtu wa nyuma, akijisugua. "Alinipiga picha mwaka jana."

Mama wa Dirisha la Tatu alikuwa ameishikilia picha ya harusi na hataki kuirudisha. Afisa akazikusanya nyingine, akazigonga pamoja zikae sawa.

"Sasa namwona bibi harusi," akasema. "Dada, kwa nini hukuniletea hizi toka mwanzo?"

"Zilikuwa na mng'ao kwenye miwani. Nyinyi mnarudisha picha zenye mng'ao."

Afisa akavua miwani.

"Za pasipoti, dada," akasema taratibu. "Za pasipoti."

Kibali kilitoka mwezi wa tano tangu faili lipokelewe. Mama alikisoma kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na namba za chini na maneno ya kwenye muhuri, na shangazi akawaambia watu wote kwamba yeye toka siku ya kwanza alikuwa upande wa njia ndefu. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia.

Asubuhi ya kumpokea walikwenda watatu uwanja wa ndege, shangazi amebeba maua, mama amevaa viatu vinavyombana, Kidevu Juu na kamera shingoni. Milango ya kioo ikafunguka, na kati ya watu wote waliotoka ikaonekana miwani mipana kama visosi. Kidevu Juu akainua kamera usoni, kiwiko nje, akaanza kutafuta mwanga.

Bwana Lifti aliliacha toroli katikati ya njia. Alimjia moja kwa moja, akakaribia mpaka kamera ikashindwa kumwona sawasawa, akaivua shingoni mwa mke wake kwa mikono miwili, akamkabidhi mama mkwe.

"Mama, bonyeza."

"Mimi? Wapi?"

"Popote!"

Kidevu Juu akafungua mdomo kusema kwamba mwanga unatoka upande mbaya, kwamba mama amesimama karibu mno, kwamba miguu itakatwa. Mkono mrefu wa mume wake ulikuwa umeshamzunguka mabegani.

"Mke wangu," Bwana Lifti akasema. "Kidevu juu. Kidogo tu. Usipumue."

Picha hiyo iko studio mpaka leo, juu ya kompyuta, ndani ya fremu kubwa kuliko zote. Imepinda. Miguu imekatwa, na paji la uso la Bwana Lifti limekatwa nusu. Kidevu Juu mwenyewe ametoka mdomo wazi, macho yamejaa machozi, na kidevu kimeinuka kupita kiasi. Shangazi anasema hata zile zake za dari zilikuwa afadhali. Wateja wanauliza kwa nini fundi mzima ametundika picha ya namna hiyo, na mbona hakuondoa zile taa zilizojaa kwenye miwani, maana kila mtu anajua kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

"Hiyo haisafishwi," anawajibu, na kuwaonyesha stuli.

Ukisogea karibu, kwenye kioo cha kushoto cha ile miwani, yumo mama yake, mdogo kabisa, ameing'ang'ania kamera kwa mikono miwili, kiwiko kimetoka nje.